Jani Lenye Matundu

Vidudu alirudi kutoka kliniki akakuta jani lake limepona.

Alikuwa ameliacha mezani chini ya kitambaa, limekamilika isipokuwa kifungo cha nyuma ya shingo. Lilikuwa kidani cha shanga chenye umbo la jani la boga, pana kama kiganja kilichokunjuliwa, mishipa yake ya kijani kilichopauka na mwili wake wa kijani kibichi. Ndani yake kulikuwa na matundu. Mawili makubwa yalikuwa upande wa kushoto, na mengine madogo yametapakaa huku na huko, vilevile yalivyotapakaa kwenye jani lenyewe alilolichuma nyuma ya nyumba, ambako wadudu walipita, wakala, wakashiba, wakaenda zao. Sasa matundu hayakuwepo. Mtu alikuwa amekalia kiti chake, akashika sindano yake, akayaziba yote kwa shanga, kwa subira ya mtu anayemfanyia mwenzake hisani.

Na hisani hiyo, Mungu atuepushe na hisani za namna hiyo, ilikuwa imeharibu kazi nzima. Anayejua shanga anajua kwamba tundu likishapindwa ukingo wake limekwisha kuwa na kipimo chake. Ukilishindilia shanga, hazikubali kulala, zinainuka. Pale palipokuwa na tundu kubwa kuliko yote palikuwa na kinundu cha mviringo, kigumu, kimetuna.

Vidudu aliliinua jani kwenye mwanga wa dirisha, akacheka mpaka akashika meza.

"Dada!" aliita. "Njoo uone maajabu. Jani limeota titi."

Dada, mkubwa wake, alitoka chumba cha mbele kinachopokea wateja, akifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. Wawili hawa walifanya kazi pamoja katika chumba kilichokuwa cha mama yao: mikebe ya shanga ukutani imepangwa kwa rangi, kipande cha nta cha kulainishia uzi, meza moja yenye alama za visu vya zamani. Dada alitunga mioyo na nyota, kwa sababu mioyo na nyota huuzika. Mdogo wake alitunga alichokiona: ganda la mbegu lililopasuka, kiwavi anayepanda ukuta, konokono, mwiba. Mtaani wakamwita Vidudu. Kwanza walimcheka, kisha wakamzoea, na mwishowe wake za watu wenye uwezo wakaanza kuulizia, "Yule Vidudu yupo?" Dada alilimeza hilo kama dawa chungu.

"Lilikuwa limetoboka," alisema Dada. "Nikajua uzi umekatika."

"Dada, wewe ndiye uliyenifundisha kupinda ukingo. Tundu lililokatika na tundu lililopindwa, unaniambia huyajui?"

Dada akasema lililokuwa moyoni. "Huwezi kuvaa kitu kilichotafunwa na wadudu kwenye picha ya Baba."

Hapo ndipo penyewe. Picha iliyoning'inia sebuleni kwa Baba, ile aliyopiga pamoja na mkewe alipokuwa hai, ilikuwa imefifia mpaka sura zimekuwa madoa. Mzee akasema kabla hajafa anataka nyingine, yeye na binti zake watatu. Atakayeingia sebuleni miaka yote ijayo ataikuta. Dada alijitwika shughuli yote: kitambaa kutoka jora moja, magauni ya mshono mmoja, studio, siku. Vidani aliviacha kwa Vidudu, na Vidudu akavitoa vyote katika mmea mmoja. Dada alitungiwa ua la boga, la manjano, limefunguka. Kitinda, mdogo wao wa mwisho, alitungiwa ule uzi mwembamba unaojiviringisha ambao mmea wa boga hushikia uzio ili upande. Na Vidudu alijitungia jani.

Tuseme wazi, kwa sababu walioogopa kusema wazi ndio walioleta balaa lote hili. Mwaka uliopita Vidudu alikatwa titi la kushoto. Lilikuwa na ugonjwa, ugonjwa ulikuwa umechelewa kugunduliwa, na daktari hakuwa na njia nyingine. Akapona, akarudi mezani, akaendelea kutunga. Upande mmoja wa kifua chake ulikuwa bapa, na yeye mwenyewe, baada ya kulia kiasi chake, alikuwa amechoka kuulilia. Waliobaki hawajachoka walikuwa wengine, hasa Dada. Dada alikwisha kwenda kwa fundi cherehani, akamnong'oneza, na fundi akashonea sponji upande wa kushoto wa gauni la Vidudu, kwa ndani, ili katika picha mabinti wote wa Baba waonekane kamili.

"Kwa hiyo umenijaza gauni," Vidudu alisema, "halafu ukalijaza jani pia."

"Nimekusitiri."

"Nani kakuomba?"

"Wewe!" Dada alifoka, machozi yakimlengalenga. "Nani alilala sakafuni chini ya kitanda chako kule hospitali? Nani alikulisha? Nani alikuosha kile kidonda, wakati hata wewe mwenyewe ulikuwa unageuza uso?"

Lilikuwa kweli, na liliuma. Mtu akikuosha kidonda, unamjibu nini? Vidudu aliona aibu, akaangalia chini. Wema wa Dada ulikuwa mzito kama gunia, na mara nyingi alikuwa ameubeba bila kufungua mdomo.

Lakini katika kuoshwa huko ndiko alikosikia jambo ambalo hakuwahi kulisahau. Siku moja Dada, akikamua kitambaa kwenye beseni, alisema kwa sauti ya kumfariji, "Kidonda chako kinakauka vizuri. Titi la Mama lilitoa usaha mpaka mwisho." Kitambaa kikasimama hewani. Dada alijua ametamka, na Vidudu alijua amesikia. Mama yao waliambiwa amekufa kwa kifua, na watoto wadogo wakaelewa kifua ni kikohozi. Daktari, kabla ya upasuaji, alikuwa ameuliza kama kuna mtu mwingine katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo. Dada aliyesimama kando ya kitanda ndiye aliyejibu upesi, "Hakuna."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa mama huyu hata kilio hakikumfichua, maana waliojua walikuwa watatu tu, mume wake, wifi yake na binti yake mkubwa, na wote walifunga midomo. Aliwaapisha yeye mwenyewe. Aliogopa watu watasema ukoo una mkosi, na mabinti watakosa wa kuwaoa. Dada aliapa akiwa bado msichana, na kiapo hicho amekibeba mpaka nywele zikaanza kubadilika rangi. Kitinda alikuwa hajui chochote kuhusu ugonjwa wa Mama. Ameolewa juzijuzi tu, na Dada alimsihi Vidudu asimwambie: ukweni wakisikia, itakuwaje? Na Vidudu, kwa shukrani ya kuoshwa, akakubali. Ni kosa, na alijua ni kosa tangu siku aliyolikubali.

"Uliniosha, Dada," alisema sasa, taratibu. "Nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini hukuniosha ili niwe mali yako."

Akakaa. Akachukua mkasi mdogo wa uzi, akaupenyeza chini ya kile kinundu, akakata. Shanga za Dada zikaanza kumwagikia sahanini, tiki, tiki, kisha kwa pamoja. Dada alisogea mbele bila kutaka, mkono umeinuka, kama fundi yeyote anayeona kazi inakaribia kusambaratika.

"Litafumuka!"

"Halifumuki. Ukingo niliupinda mara mbili."

Na kweli halikufumuka. Tundu la kwanza likafunguka, mezani pakaonekana kupitia ndani yake. La pili likafunguka. Jani likatulia, likalala bapa kama mwanzo.

"Watu watauliza," alisema Dada.

"Waulize."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia wadudu walipita hapa, na jani bado ni jani."

Dada alivuta pumzi ndefu. "Ukivaa hilo bila sponji, mimi sikai kwenye picha hiyo."

"Basi Baba atakuwa na picha ya mabinti wawili," alijibu Vidudu, akaendelea kukata.

Hawakuzungumza wiki nzima. Tuseme walizungumza, lakini kwa njia ya wateja. "Mwambie fundi aliye nyuma kwamba uzi mweupe umekwisha," Dada alimwambia mama mmoja aliyekuja kununua hereni, na yule mama, aliyeona fundi wa nyuma amekaa hatua chache tu kutoka hapo, aliupeleka ujumbe na kurudisha majibu, kisha akaondoka bila hereni.

Siku ya picha ilipofika, Dada alikuja. Alikuja na magauni yamekunjwa kwenye mfuko, uso ameukunja zaidi ya magauni. Studio ilikuwa chumba kimoja: pazia la nyuma lililochorwa ngazi zisizokwenda popote, taa mbili juu ya miguu mitatu, na pembeni kitambaa kilichofungwa kwenye kamba ili watu wabadilishe nguo. Baba alikwisha kukalishwa kwenye kiti chenye mikono, amevaa koti, anabishana na mpiga picha kuhusu kofia.

"Mzee, kofia inatia kivuli usoni."

"Uso wenyewe wa kivuli. Iache."

Nyuma ya kitambaa palikuwa pafinyu, madada watatu wakigongana viwiko. Kitinda alikuwa anachekacheka, amekwisha kuvaa lake, kidani kimemzunguka shingo na ncha yake imejiviringisha juu ya kifua. Vidudu alichukua gauni lake, akaingiza mkono ndani, akaigusa ile sponji. Ilikuwa imeshonwa vizuri. Fundi cherehani hakumdhulumu mtu. Akatoa mkasi kwenye pochi.

"Usithubutu," Dada alinong'ona.

Uzi wa kwanza ukakatika.

"Mbele ya mtoto!"

"Mtoto gani?" aliuliza Kitinda. "Mimi nimeolewa."

Vidudu aling'oa sponji, akaitupa juu ya viatu. Akavua blauzi. Kitinda hakuwahi kuliona kovu, maana kila alipokuja kumtazama mgonjwa, Dada alikuwa amekwisha kuvuta shuka. Sasa aliliona, refu, limenyooka, jeusi pembeni na laini katikati. Hakupiga kelele. Alitazama tu, na kicheko kikamwisha usoni.

"Tazama vizuri," Vidudu alimwambia. "Ugonjwa ulichelewa kugunduliwa kwa sababu sikujua nitafute nini. Na sikujua kwa sababu nilifichwa. Mama naye alikuwa nao, mdogo wangu. Ugonjwa huuhuu. Hakufa kwa kikohozi."

"Nyamaza!" Dada alimshika mkono. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi, na sasa ahadi nimeivunja. Nichukie ukitaka. Kitinda, umenisikia?"

Kitinda alikuwa amekaa juu ya kigoda, mgongo umeinama. Kisha akauvuta mkono wa Vidudu, akauingiza ndani ya ukosi wa gauni jipya, akaukandamiza upande, karibu na kwapa.

"Hapa," alisema. "Tangu kabla ya harusi. Nilidhani nikinyamaza kitaondoka chenyewe."

Vidole vya mtunga shanga havihitaji macho. Vidudu alikipata mara moja: kidogo, kigumu, kama shanga iliyoteleza ikaingia chini ya kitambaa. Akaurudisha mkono. Alitaka kulia, akakataa kulia. Akamgeukia Dada.

"Haya," alisema. "Na hiki tukishonee sponji?"

Dada alisimama pale, kidani cha ua la boga bado kiko mkononi, hakijafungwa. Yote aliyoyafanya maishani aliyafanya ili mdogo huyu wa mwisho asiguswe na jambo hili, na jambo lilikuwa limekwisha kumgusa, likakaa kimya likimsubiri, likisaidiwa na ukimya wake yeye.

"Mabibi!" Mpiga picha aliita kutoka nje. "Mnavaa au mnashona? Taa zinakula umeme!"

"Viatu," alisema Dada hatimaye. Sauti ilitoka imekwaruza. "Vaeni viatu."

Vidudu alivaa gauni, likamlalia kifuani jinsi kifua kilivyokuwa, upande mmoja umejaa na mwingine umeshuka wima. Juu yake akalaza jani. Wakatoka.

Mpiga picha, mtu wa kazi yake, alianza kuwapanga hapohapo. "Vizuri, vizuri sana. Mama mkubwa nyuma ya mzee. Bibi arusi wetu huku. Na wewe wa kati..." Akasita, akamtazama, akapata suluhisho. "Wewe geuka kidogo. Upande wa kulia uje mbele, ule mwingine uufiche nyuma ya kiti. Hautaonekana kabisa."

"Sigeuki."

"Ni kwa uzuri wa picha tu, dada yangu."

"Wewe piga kilichopo. Kama kamera yako inachagua, tutatafuta nyingine."

"Hapigi kitu," alisema Dada. "Picha baadaye. Tunakwenda hospitali."

Baba alivua kofia aliyokuwa ameipigania asubuhi nzima. Aliwatazama mabinti zake mmojammoja, kisha macho yakarudi kwenye kifua cha Vidudu na kubaki hapo.

"Jani la boga," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Limeliwa."

"Limeliwa, Baba."

Mzee akaigeuza kofia mkononi. "Na sasa ni nani?"

Kitinda aliinua mkono nusu, kama mwanafunzi. Baba akafumba macho. Alitaka kusema jambo kuhusu mke wake, alilianza, "Mama yenu..." likamshinda. Akapunga kofia kuelekea mlangoni, mara mbili, kwa hasira ya mtu anayefukuza kuku.

"Nendeni basi! Mnanitazama mimi nini?"

Walitembea kwa miguu, maana hapakuwa mbali na hakuna aliyeweza kukaa kitako. Wanawake watatu wa kitambaa kimoja, na mmea mzima wa boga shingoni mwao, katikati ya barabara mchana kweupe. Vijana waliokuwa wakifungua injini ya pikipiki waliacha kazi. Mwanamke mmoja mlangoni pa saluni alimtazama Vidudu kifuani, akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Vidudu aliliona. Zamani angevuta mtandio. Alipunguza mwendo ili wamalize kutazama, akawasalimia kwa sauti, wakaitika kwa haya, na yeye akaendelea na safari yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu akatwe kutembea na mikono yake ikiwa chini, pembeni mwa mwili, inapotakiwa kuwa. Alijisikia vizuri, na hakuona sababu ya kujionea haya kwa kujisikia vizuri siku kama hiyo.

Dada alitangulia. Alikuwa amemshika Kitinda mkono kama mtu anayemvusha mtoto barabara, na safari hii Kitinda hakukumbusha kwamba ameolewa.

Kliniki ya wanawake ilikuwa mwisho wa korido. Muuguzi alikuwa nje, ufunguo uko tayari kwenye kitasa.

"Tumefunga, akina mama. Leo ni nusu siku. Njooni Jumatatu."

Vidudu alifungua mdomo kubishana, maana kubisha ndiyo ilikuwa kazi yake ya wiki nzima. Dada alimtangulia. Aliweka kiatu chake kati ya mlango na fremu.

"Mama yetu naye alisema Jumatatu," alisema. "Aliisema miaka miwili. Alikufa na titi lililooza, na mimi nilijua, na sikumwambia mtu." Watu waliokuwa wakisubiri dawa kwenye benchi waligeuka. Dada hakupunguza sauti, aliiongeza. "Kwa huyu mdogo wangu, daktari aliponiuliza, nilidanganya. Akakatwa. Sasa nimeleta mwingine. Ukiufunga mlango huu, utaufunga na mguu wangu ndani."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Dada mpaka kwenye ukosi, naye hakuyafuta. Vidudu alimtazama, akasahau wiki nzima ya hasira, akamshika kiuno asije akaanguka.

Muuguzi alitazama kiatu. Akawatazama watatu wenye gauni moja, akashindwa kuwatofautisha. Akachomoa ufunguo, akasukuma mlango.

"Haya, ingieni. Anayepimwa ni yupi?"

Kitinda alipiga hatua. Dada, ambaye umri wake wote hakuwahi kumwonyesha daktari kifua chake, alimrudisha nyuma kwa mkono na kuanza kufungua vifungo palepale mlangoni.

"Wote," alisema. "Anza na mimi, mimi ndiye mkubwa."